Majirani Kimara: Maji Jamani

Mama Neema: Jamani bomba leo linapuliza upepo tu. Na mita inazunguka 😩

Baba Junior: Kwangu kavu tangu juzi.

Zawadi: Mimi ndo sielewi. Jana mvua imepiga mpaka barabara haipitiki, maji tunakosaje?

Mzee Mkude: Zawadi, mvua ya hapa inaingia mto Msimbazi, inaishia baharini. Maji ya bombani ni ya mto Ruvu, na Ruvu inatoka kwetu milima ya Uluguru. Ulizia kama Matombo na Kinole kumenyesha.

Zawadi: Shikamoo mzee 🙏 Kumenyesha?

Mzee Mkude: Marahaba. Nimeongea na mdogo wangu asubuhi, anasema manyunyu tu. Vuli imechelewa.

Baba Junior: Si walipanua mtambo wa Ruvu Juu? Lita milioni 196 kwa siku tuliambiwa.

Mzee Mkude: Mtambo unasukuma kilichopo mtoni. Umesahau mwaka 2022, Oktoba ile? Mto ulipungua mpaka watu wakapelekwa huko juu kuziba michepuko ya umwagiliaji.

Mama Neema: Mbona mvua ikizidi huko nako wanakata?

Mzee Mkude: Tope. Mto unashuka rangi ya chai ya maziwa, machujio yanazidiwa. Milima imelimwa mpaka kwenye miteremko mikali, mvua ikipiga udongo wote unakuja mtamboni Mlandizi. Penye msitu maji yanazama ardhini masika, kiangazi yanatoka kidogokidogo kwenye chemchemi. Ukifyeka, yanakuja yote kwa mkupuo halafu basi.

Baba Junior: Ndo maana ya bwawa la Kidunda.

Mzee Mkude: Hilo. Mita za ujazo milioni 190. Na wengi wanadhani litaletewa bomba mpaka Dar, wala! Kazi yake ni kukinga maji ya masika, kiangazi wayafungulie yashuke na mto wenyewe hadi kwenye mitambo.

Zawadi: Wa njiani si watayachota?

Mzee Mkude: Watachota. Kwani wao hawanywi?

Mama Neema: Sawa mzee, ila sare za watoto za kesho nafulia nini? Kisima cha nyuma chumvi tupu, sabuni haitoi povu.

Baba Junior: Nimepata boza la lita elfu kumi. Nani anachangia?

Mama Neema: Mimi. Ila aje na mpira mrefu, simtanki yangu iko juu. Yule wa juzi alimwaga nusu uani.

Zawadi: Niandikeni, nalipa mshahara ukiingia.

Baba Junior: Zawadi wewe tena 😂