Imani, uhuru na swali la nani atakuzika

Jumatano jioni mvua ilitubana kibandani kwenye steji ya boda pale Kondele, Kisumu, na kijana mmoja akatupa hoja ambayo mpaka leo inanisumbua. Alisema Mkristo ni mtu aliyekabidhi akili yake kanisani na hata risiti hakupewa. Shemasi mmoja, abiria tu aliyekuwa akisubiri mvua ipungue, akamjibu kwamba uhuru bila Mungu ni kama bangi: unacheka sana lakini hujui unachekea nini. Watu wakavunjika mbavu, mvua ikakatika, kila mmoja akashika njia yake. Naileta hapa kwa sababu naona wote wawili walilikwepa swali lenyewe: ukiacha kuamini, nani atakuzika?

Nianze na msimamo wangu ili mjue mnabishana na nani. Mimi ni Mkristo, nimelelewa katika kanisa la Friends, yaani Quaker, kule Vihiga, na bado naenda ibadani ingawa si kila Jumapili. Sioni kwamba kuamini ndiko kunakomfunga mtu. Kinachomfunga ni gharama ya kuacha kuamini, na huku kwetu sehemu kubwa ya gharama hiyo hudaiwa siku ya mazishi.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kuchapa, na mkate wangu mkubwa ni programu za mazishi. Alhamisi na Ijumaa sipati hata nafasi ya kunywa chai, maana wengi huzika Jumamosi. Wasabato huja siku zao, kwa kuwa hawaziki siku ya Sabato. Wasifu wa marehemu nimeuchapa mara nyingi mno, naujua kabla sijauona: alizaliwa, akasoma, akaoa, akabatizwa, akampokea Bwana Yesu kuwa mwokozi wake, akaugua kwa muda mfupi.

Kuna siku alikuja mama mmoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliyefariki ni kaka yake, mwalimu mstaafu. Mzee huyo alikuwa hajakanyaga kanisani miaka mingi na hakuficha. Ukimuuliza alikwambia wazi kwamba haamini. Niliifungua ile karatasi. Maandishi yalikuwa mazuri, ya mtu aliyesoma, mpaka mahali pa dini. Hapo kalamu ilikuwa imeandika "Ali" halafu ikaacha nafasi ya mistari miwili.

"Hapo andika aliokoka hospitalini, mwanangu."

Nikamuuliza kama ni kweli aliokoka.

"Wewe andika tu. Mchungaji amesema bila hilo haji. Asipokuja, kwaya haiji. Na hema ni la kanisa."

Nikaandika. Nakala mia mbili, kurasa nane, karatasi ya kung'aa, picha ya mwalimu akiwa na tai mbele. Sijisifu kwa hilo. Ile "Ali" yake nimeikumbuka mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Sasa kijana wa steji, tazama vizuri. Yule mwalimu hakukabidhi akili yake popote. Alifikiri alivyotaka mpaka akafa. Aliyebanwa ni dada yake, na hakubanwa na Injili. Alibanwa na hema, viti, sufuria kubwa na watu wa kuimba usiku wa matanga. Mimi naamini wako wengi kama huyo mwalimu, ila hawasemi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 waliotajwa kuwa hawana dini, kati ya Wakenya milioni 47.6. Lakini nyumba nyingi hujibiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Mama akiwa ndiye anayemjibu karani, nani atatajwa kuwa hana dini?

Sheria yenyewe haina shida. Ibara ya 8 ya Katiba yasema hakuna dini ya taifa, na ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Ila Katiba haileti viti.

Pili, kijana, umesahau historia ya pande zako mwenyewe. Ukitafuta watu waliothubutu kukataa walichoambiwa, utawakuta kwa wingi ndani ya dini. Johana Owalo alipita kwa wamisionari, akabishana nao, kisha akaanzisha kanisa lake mwenyewe, Nomiya. Elijah Masinde alitoka katika kanisa hilihili langu la Friends, akaongoza Dini ya Musambwa, na Waingereza wakamweka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, kana kwamba ni mwendawazimu, baadaye wakamhamishia Lamu kizuizini. Baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe ikaipiga dini yake marufuku tena. Huyo utasema alikabidhi akili wapi?

Tena kuna mizigo ambayo imani ndiyo iliyowasaidia watu kuitua. Wajane wangapi hapa Nyanza wamekwepa tero, yaani kurithiwa na ndugu wa mume, kwa neno moja tu, "nimeokoka"? Shemeji hana la kujibu, na wazee wanamung'unya tu. Na wenye umri wangu wanaikumbuka kesi ya S.M. Otieno. Wakili yule alifariki Desemba 1986, na mkewe Wambui akataka kumzika karibu na Ngong, upande wake ukisema mume alikuwa Mkristo na mtu wa kisasa, asiyefungwa na mila. Ukoo wa Umira Kager ukapinga, mahakama ikaupa ushindi, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Pale aliyetaka kujinasua aliushika Ukristo, na aliyefunga mlango alikuwa ukoo. Kwa hiyo anayedhani tukiyafunga makanisa kesho tutaamka huru, ajaribu kwanza kumzika baba yake mbali na boma lao.

Shemasi naye asifurahi mapema. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilianza kufukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi walioambiwa na mhubiri wao wafunge kula ili wamwone Yesu. Najua utasema hao si sisi, na kweli si ninyi. Lakini angalia kilichotangulia njaa: shule ilisemwa ni dhambi, hospitali ni dhambi, watu wakauza mali zao na kuhamia msituni mbali na jamaa. Walipofika kwenye njaa hawakuwa tena na pa kurudi. Mchungaji anayemwambia mama mfiwa "bila sentensi hiyo siji" hajaua mtu, na sitamlinganisha na muuaji. Ila naye ameshika ufunguo wa mlango uleule, na anajua kwamba ameushika.

Kuna atakayeniambia kila kikundi kina masharti: hata kwenye chama cha akina mama, asiyetoa mchango hapewi. Sawa, mwalimu hakutoa sadaka, asipewe hema. Hilo ningelikubali, ingawa kwa uchungu. Ninachokataa ni kwamba hema lilikuwepo, kwa bei ya uongo. Chama kinadai shilingi mia mbili. Hakidai marehemu aseme jambo ambalo alilikataa maisha yake yote.

Basi nawarudishia swali, kila mmoja lake. Shemasi, ungeletewa programu ile ikiwa na nafasi yake wazi, imeandikwa tu kwamba alikuwa mwalimu na alisomesha watoto wa watu, ungekuja kuomba na familia au ungebaki nyumbani?

Na wewe kijana, ninyi wenye fikra huru mnakutana pale steji kila jioni, tena mko wengi. Hema mnalo?