Naomba ushauri: Marduk nimwite muumba au nani?

Wakuu, habari zenu. Natafsiri Enuma Elish, utenzi wa Babeli wa uumbaji ulioandikwa kwenye vibao saba vya udongo, na nimekwama kwa Marduk, mungu mkuu wa Babeli.

Kwanza anawabana miungu wazee: nitapigana na Tiamat (mungu mke wa bahari), lakini nipeni ufalme kabla sijatoka. Wanakubali wakiwa wameshakula na kulewa. Anamtega Tiamat kwa wavu, anamsukumia upepo kinywani asiweze kukifunga, anampiga mshale tumboni. Kisha anampasua vipande viwili kama ng'onda (samaki aliyepasuliwa akakaushwa), nusu anaitandaza iwe mbingu. Hapo penye samaki nilikaa siku nzima, maana mtu wa pwani picha ile anaiona papo hapo.

Shida ni neno. Nikiandika "Muumba", msomaji atamfikiria Mungu aumbaye pasipo kitu, ilhali huyu anajenga kwa maiti, na binadamu wa kwanza anaundwa na Ea, mungu wa hekima, kwa damu ya Kingu, jemadari wa Tiamat. Waashuru nao walipouchukua utenzi waliweka jina la mungu wao Ashur mahali pa Marduk, kwa hiyo naona ufalme ndio kiini.

"Mjenzi"? "Mshindi"? Mliowahi kutafsiri, mngetumia lipi?