Mfanyabiashara wa mtu mmoja na zabuni za serikali: tumtengee asilimia, au tutenge kazi?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuijadili hii bila kurushiana maneno.

Karibu kila nchi, serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Inanunua madawati, sare, usafi wa majengo, ukarabati wa mabomba, upakaji rangi, uchapishaji. Sehemu kubwa ya kazi hizo mwisho wa siku inafanywa na mtu mmoja mwenye zana zake. Ila ukiufungua mkataba, jina lake humkuti. Aliyesaini ni kampuni. Fundi kapewa kazi kwa mdomo na kalipwa kilichobaki.

Dawa iliyozoeleka ni kutenga asilimia. Kenya, kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 kwa makundi maalumu, na wazee wamo. India mwaka 2018 ilipandisha kiwango kutoka asilimia 20 hadi 25 kwa biashara ndogo na ndogo sana, ndani yake asilimia 3 zikiwa za biashara za wanawake.

Nia siipingi. Napinga kipimo. Asilimia inahesabu fedha, haihesabu watu. Ofisi inaweza kutimiza lengo lake lote kwa mkataba mmoja mnono, ikampa kampuni moja iliyosajiliwa kwa jina la kijana ambaye hajui hata bei iliyoandikwa. Ripoti itasoma vizuri, na yule fundi bado yuko nje ya geti.

Sasa tazameni Brazil. Kule, mtu anayejiajiri ana usajili wake maalumu uliowekwa kwa sheria ya 2008: mtu mmoja, mwajiriwa asizidi mmoja, na mauzo yasizidi reais (fedha ya Brazil) 81,000 kwa mwaka. Akisajiliwa anapata namba yake kama biashara nyingine yoyote na anaruhusiwa kuiuzia serikali. Halafu, tangu 2014, kifungu cha zabuni (yaani kitu au kazi moja iliyoorodheshwa humo) kisichozidi reais 80,000 ni lazima kishindaniwe na biashara ndogo peke yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wauzaji wa namna hiyo wasipofika watatu katika eneo husika. Hapo kilichotengwa ni ukubwa wa kazi, na ukubwa wa kazi ni mgumu kuuchezea kuliko jina.

Ndiyo maana nasema serikali itenge kazi, isitenge watu. Karibuni.

Karani

Mleta mada, umeandika vizuri, ila inaonekana hujawahi kukaa upande huu wa meza. Mimi nipo kitengo cha ununuzi.

Kukata zabuni vipande ili kukwepa ushindani ni kosa katika sheria nyingi za ununuzi. Mkaguzi akija hasomi nia yangu, anasoma mafaili. Akikuta kazi moja ya usafi nimeigawa kwa watu kumi, swali la kwanza ni kwa nini kila kipande kimeangukia chini ya kiwango cha fedha kinacholazimisha kutangaza. Jibu la "nilitaka kuwainua wadogo" halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mikataba kumi ni tathmini kumi, ukaguzi mara kumi, ankara kumi, na simu za kuulizia malipo ambazo hazihesabiki. Ofisi zenye watu wawili watatu zinachagua kampuni moja kubwa si kwa sababu zimehongwa. Zimechoka. (Zilizohongwa zipo pia, sikatai.)

Mleta mada

Mkuu, kukata zabuni ni kitu kimoja na kuigawa kwa mafungu ni kitu kingine. Kukata ni kuisambaza kazi kimyakimya ili kila kipande kikwepe tangazo, kisha unampa unayemtaka. Mafungu ni tangazo moja na nyaraka moja, njia ya ununuzi inafuata thamani ya jumla, ila kila fungu lina mshindi wake. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa 2014, umekwenda mbali zaidi: taasisi isiyogawa kazi kwa mafungu inatakiwa ieleze kwa maandishi kwa nini haikugawa. Yaani anayejitetea ni asiyegawa. Mwongozo huohuo unazuia kudai mauzo ya mwaka yanayozidi mara mbili ya thamani ya mkataba, isipokuwa pawe na sababu ya msingi.

Linganisheni na nyaraka tunazozijua wote, zinazomtaka mkata nyasi alete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Hesabu za fyekeo?

Cherehani

Ninyi kaka zangu mnabishana juu ya mlango wa kuingilia. Mie nataka kusema habari ya kutoka.

Niliingia. Nilishinda zabuni ya sare kwenye taasisi moja. Kitambaa nikanunua kwa fedha taslimu, maana muuza vitambaa hapokei barua yenye nembo. Vifungo, uzi, nauli ya mzigo, vijana wa kunisaidia kupiga pindo, vyote mkononi. Nikapeleka. Kamati ya mapokezi haikukaa kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa safarini. Ilipokaa, ikaona mashati matatu yana vifungo vya rangi iliyokolea kidogo kuliko sampuli, na badala ya kurudisha hayo matatu wakakataa kusaini mzigo mzima. Nikabadilisha vifungo palepale barazani, nimekaa kwenye kiti cha mlinzi. Wakasaini. Ankara ikaingia uhasibu, na mwaka wa fedha ukafungwa ikiwa humohumo. Kuanzia hapo nikawa nimeandikwa kwenye malimbikizo.

Kampuni kubwa inaweza kungoja, ina kazi nyingine zinazolipa. Mie nina cherehani na mkopo. Nikiweka gharama ya kungoja kwenye bei, nashindwa zabuni. Nisipoiweka, nashinda na kupoteza mtaji. Sasa nitengeeni asilimia au nitengeeni kazi, kwangu yote sawa. Hamjanitengea malipo.

Mtetezi

Dada Cherehani, pole sana, na hoja yako nitairudia. Kwanza nimalizane na mleta mada.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Asilimia zilifanya jambo moja ambalo kutenga kazi hakulifanyi: zililazimisha ofisi imtafute mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Na zilikuja na nafuu za maana. Kenya, walioko kwenye kundi hilo hawadaiwi dhamana ya zabuni ya benki, wanajaza fomu ya tamko tu. India wamewafutia wadogo amana ya zabuni. Kwa mtu ambaye benki haimjui, nafuu hiyo ni kubwa kuliko bei.

Wewe unasema tutenge kazi ndogo. Mkuu, kujuana kunatawala kwenye kazi ndogo hizohizo! Kazi kubwa inatangazwa na macho ni mengi. Kazi ndogo inaombewa nukuu tatu za bei, na wote hapa tunajua nukuu tatu zinavyopatikana: karatasi tatu, mihuri mitatu, mwandiko mmoja. Ukiziongeza kazi ndogo bila kuangalia nani anaitwa, utakuwa umewaongezea riziki walewale wanaokunywa chai na bosi.

Mleta mada

Hapo kwenye nukuu tatu umenipata, na sina jibu la haraka. Nadhani sehemu ya jibu ni kuiondoa simu mkononi mwa anayeita. Brazil mwaka 2025 ilianzisha jukwaa la Contrata+Brasil: taasisi ikiwa na kazi ndogo ya matengenezo inaiweka humo, na waliojisajili kwa fani hiyo wanapeleka bei zao. Ofisi haichagui wa kumpigia. Tanzania nayo, kwa mfumo wa NeST ulioanza kutumika 2023, imehamishia zabuni mtandaoni. Ila mfumo peke yake hautoshi kama matokeo hayaonekani. Kila kazi ndogo iwekwe wazi: nani alishinda, kwa bei gani, mara ya ngapi. Jina likijirudia kila mwezi, watu wataliona wenyewe.

Mwanahesabu

Naona hakuna aliyeziweka namba za Brazil pamoja. Kizingiti cha kifungu ni reais 80,000. Kikomo cha mauzo cha mfanyabiashara wa mtu mmoja ni 81,000 kwa mwaka. Akishinda kifungu kimoja kilichojaa, amebakiwa na 1,000 ya kuuzia dunia nzima. Akivuka kikomo kwa zaidi ya asilimia 20, anatolewa kwenye utaratibu huo kuanzia mwanzo wa mwaka uleule, na kodi inahesabiwa upya.

Maana yake mlango wa 80,000 kimsingi ni wa biashara zilizomzidi yeye kidogo. Zinaitwa ndogo, lakini zina wafanyakazi na mhasibu. Hili haliko Brazil tu. Popote "mdogo" anapoandikwa kwa upana, mkubwa wa wadogo ndiye anayekula. Mkitaka mtu mmoja apate, mwandikieni ngazi yake peke yake, chini kabisa, na mumruhusu avuke kikomo kwa kazi ya serikali bila kuadhibiwa mwaka huohuo. La sivyo atafanya kinachofanywa kila mahali: duka la pili kwa jina la mke.

Fundi Rangi

Samahani wakuu, mie ni msomaji tu. Napaka rangi peke yangu. Mtu kama mimi aanzie wapi?

Karani

Kaka, usianze na zabuni kubwa. Sajili jina la biashara, pata namba ya mlipakodi na leseni, kisha jisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa nchi yako. Unapochagua fani, chagua rangi na ukarabati mdogo. Usitiki kila kisanduku: anayejiandikisha kuuza vipuri, maua na huduma za ulinzi kwa pamoja tunamruka.

Ukipata nyaraka, nenda kwanza kwenye masharti ya kustahili kabla hujapiga hesabu ya bei. Wengi wanaanguka hapo, kwa cheti cha kodi kilichopitwa na tarehe au ukurasa mmoja usiosainiwa. Bei yao hatufiki hata kuisoma. Uliza maswali kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, tunalazimika kujibu. Baada ya kazi usiondoke bila karatasi ya mapokezi iliyosainiwa, hata ukiambiwa "tutakupigia".

Na ubia na wenzako ni mzuri, ila soma kifungu cha wajibu. Mara nyingi kila mmoja anabeba kazi nzima. Mwenzako akitoroka na ndoo za rangi, tunakuja kwako.

Mtetezi

Ongezea na hili: usikodishe jina lako. Utaambiwa "wewe saini tu, kazi tutafanya sisi". Deni la kodi na barua ya kufungiwa zabuni vitakuja kwa jina lako, na wao watakuwa wameshapata saini ya mwingine.

Cherehani

Karani, na mie nina swali. Ofisini kwenu, malipo yakichelewa, nani anaulizwa?

Karani

Dada, nikwambie ukweli? Hakuna. Ukichelewesha kutangaza zabuni unaulizwa na bodi. Ukiikata vipande unaulizwa na mkaguzi. Malipo hayako kwangu, yako uhasibu, na uhasibu wanasema wanasubiri hazina. Kila mtu ana wa kumsontea kidole.

Mleta mada

Ulaya waliweka sheria mwaka 2011: taasisi ya umma ilipe ndani ya siku 30, na 60 kwa hali maalumu, ikipitiliza, riba inaanza kuhesabika bila mdai kuandika barua ya kuomba. Hata huko wapo wanaochelewa, ila deni linakua likiwa juu ya mdaiwa. Kwetu linakua juu ya Cherehani. Mie ningeongeza kwamba taasisi yenye malimbikizo ya wafanyabiashara wa mtu mmoja isitangaze zabuni mpya mpaka iyalipe.

Mtetezi

Hospitali ikifungiwa kutangaza zabuni, wagonjwa watatibiwa na nini? Umemwadhibu asiyehusika.

Mleta mada

Sawa, nafuta hilo. Basi riba ikatwe kwenye fungu la safari na vikao la taasisi hiyohiyo.

Karani

Fungu la safari? Hapo mtalipwa kabla wino haujakauka. Nakubaliana na wewe, ila mpeleka hoja kwenye kikao asiwe mimi.