Je, kijiji cha wafugaji kinaweza kutetea malisho yake mbele ya Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha?

Kijana wa Bomani (Arusha):
Wakuu, salaam. Kijiji chetu kina alalili, yaani malisho tunayoyafunga hadi kiangazi, na sasa tumeikuta imewekewa vigingi na watu wanaodai kwamba eneo limepangiwa matumizi mengine, ilhali mkutano mkuu wa kijiji haukuwahi kuulizwa. Laigwanani wetu, yaani kiongozi wa kimila wa Wamaasai, ananiuliza kwa nini tusifungue shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa mjini. Naomba wenye ujuzi mnielekeze.

Wakili wa Moshi:
Ndugu, ukaribu wa jengo hautawasaidia. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na mlango ukafungwa Novemba 2020. Njia iliyobaki hupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, ambayo ina uwezo wa kulifikisha shauri Mahakamani yenyewe. Ndiyo njia waliyopita Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, nchi ambayo haikuwa imetoa tamko hilo: walipewa notisi ya siku 30 ya kuhama mwaka 2009, wakalalamika kwa Tume, Tume ikalipeleka shauri Mahakamani mwaka 2012, na hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2017.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila mfugaji. Mahakama ilisema kwamba haki ya mali iliyo katika Ibara ya 14 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inagusa pia ardhi inayomilikiwa na jamii kwa pamoja, ikaifafanua kwa msaada wa Ibara ya 26 ya Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, na ikaikataa hoja ya serikali ya Kenya kuhusu uhifadhi kwa sababu haikuthibitishwa kwamba Waogiek ndio waliouharibu msitu. Juni 2022 iliamuru warudishiwe ardhi kwa hati ya pamoja na walipwe fidia inayozidi shilingi za Kenya milioni 157. Kutoka notisi hadi amri hiyo ni zaidi ya miaka kumi na miwili, na kuitekeleza ni kazi nyingine.

Mkazi wa Njiro:
Naongezea kwamba ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, ambayo mkazi yeyote wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuiendea bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ugumu wake ni miezi miwili tu ya kufungua shauri. Vijiji vya Loliondo, Ololosokwan kikiwemo, vilifungua shauri huko mwaka 2017 dhidi ya serikali ya Tanzania, vikipinga watu kuondolewa kwenye ardhi yao. Septemba 2022 vikashindwa, kwa kuwa Mahakama haikuridhika kwamba watu waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Kitengo cha Rufani kikaifuta hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Shauri zima liliyumba juu ya mpaka.

Kijana wa Bomani (Arusha):
Ahsanteni sana. Je, hiyo miezi miwili inahesabiwa tangu lini?

Wakili wa Moshi:
Tangu siku kitendo kilipofanyika au mlipokifahamu, na Mahakama hiyo haipendi hoja kwamba uvunjaji unaendelea kila siku. Kwa hiyo msisubiri vikao vya usuluhishi viishe. Wiki hii tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji, mihtasari ya mikutano mikuu na mpango wa matumizi ya ardhi, kisha kila kigingi kipigwe picha na kuchukuliwa majira ya nukta kwa GPS. Mkifanikiwa kuituliza hali, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa alalili hiyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kama walivyopata Wahadzabe wa Yaeda Chini mwaka 2011. Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki za watu wa asili, msiutegemee, maana Tanzania haijauridhia.