Homa haijashuka baada ya siku 2 za amoksilini: ni usugu au dozi?

Chumba_cha_Watoto: Habari wakuu. Mtoto wa miezi 18, kilo 11, nimonia ya kupumua haraka, kifua hakibonyei ndani. Aliandikiwa amoksilini miligramu 125 mara 3 kwa siku. Saa 48 zimepita, homa bado ipo na pumzi ni 46 kwa dakika. Anakunywa vizuri. Nimhamishie azithromaisini, maana bakteria wanaonekana sugu?

Mfamasia_Zamu: Mkuu, piga hesabu kwanza. 125 mara 3 ni miligramu 375 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 40 kwa kila kilo, mara 2 kwa siku, yaani 880 kwa mtoto huyu. Amepata chini ya nusu. Vidonge vya 250 vinavyoyeyuka kwenye maji, kwa kilo 10 hadi chini ya 14, ni 2 asubuhi na 2 jioni.

Dozi hiyo kubwa ina sababu. Pneumokoka sugu, bakteria wa nimonia, haivunji penisilini, kundi la amoksilini. Hubadilisha protini ambazo dawa hujishikiza, ikawa inashika kwa shida. Ukipandisha kiwango cha dawa, bakteria wengi bado wanakufa. Ndiyo maana asidi ya klavulani, ile inayochanganywa na amoksilini, haiongezi kitu kwake: kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachovunja dawa, na pneumokoka haina kimeng'enya hicho. Haemophilus influenzae, bakteria mwingine wa nimonia, baadhi yao wanacho, na hapo klavulani inasaidia.

Dkt_Mapafu: Naunga mkono, na azithromaisini naomba sana uiache. Hutoka mwilini polepole mno. Kile kiwango kidogo kinachobaki hakiui bakteria wa kooni, kinawachuja tu wale sugu wabaki, na mtoto huwaambukiza wenzake. Inafaa kwa mycoplasma, bakteria wa nimonia ambaye hana ukuta wa seli wa kushambuliwa na amoksilini, lakini hiyo huwapata zaidi wenye miaka 5 na kuendelea.

Hesabu pumzi upya, dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa umri wake kikomo ni 40. Kifua kikitoa mluzi, mpe salbutamoli ya kuvuta, inayofungua njia za hewa, kisha uhesabu tena. Mara nyingi hapo ni virusi.

Chumba_cha_Watoto: Asante daktari. Mama alipewa dawa ya maji, si vidonge.

Mfamasia_Zamu: Basi soma chupa. Ipo ya 125 kwa mililita 5 na ya 250 kwa mililita 5. Kwa dozi moja ya miligramu 500 unahitaji mililita 20 za ile ya kwanza au 10 za ya pili. Apime kwa bomba lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni. Atikise kila mara, la sivyo dawa hulala chini na mtoto hunywa maji matupu siku za mwanzo. Uliza pia kama maji ya kuchanganyia yalipita mstari wa chupa.

Dkt_Mapafu: Anza dozi sahihi leo, siku 5, umwone tena baada ya siku 2. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akidegedeka, akilegea au midomo ikigeuka bluu, usingoje siku hizo: apewe rufaa mara moja.