Rimu imepinda, tairi linapoteza upepo taratibu: ninyooshe, nichomelee au ninunue nyingine?

Binti_Mkubwa

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni ushauri, na kama kuna fundi wa rimu humu ndani naomba asinipite.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa narudi usiku, mvua kubwa, barabara imejaa maji. Kulikuwa na shimo limefunikwa na maji, sikuliona kabisa. Matairi yote mawili ya kushoto yalitumbukia, la mbele kisha la nyuma. Nilikuwa kwenye spidi 60 hivi. Nikaegesha pembeni, nikawasha tochi ya simu, nikazunguka gari. Upepo upo. Rimu ya mbele ilikuwa imekwaruzika vibaya ukingoni, aloi imechubuka kama imepigwa tupa. Ya nyuma haikuwa hata na alama. Nikashukuru Mungu, nikaendelea na safari.

Kila Jumamosi nampeleka mama hospitali, mwendo wa saa moja na nusu, sehemu kubwa ni barabara kuu. Mama hukaa nyuma kushoto, ndipo anaponyoosha mguu wake vizuri. Jumamosi ya kwanza baada ya lile shimo akaniambia, "Mwanangu, hiki kiti kinatetemeka." Mimi kwenye usukani sisikii kitu. Nikadhani ni lami mbovu. Jumamosi iliyofuata akarudia, tena akaniambia kinaanza tukishakolea mwendo, tukipunguza kinaacha. Safari hii nikaangalia dashibodi: kinaanza kwenye 85, kinazidi mpaka karibu 100, nikipita hapo kinapungua.

Jambo la pili, hilo tairi la nyuma linapoteza upepo. Najaza 33, baada ya siku nne nakuta 24. Fundi pancha amepaka maji ya sabuni kwenye kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara) na kwenye valvu, hakuona kitu. Akabadilisha valvu. Bado.

Nimeenda gereji mbili. Ya kwanza wamesema rimu zote mbili zinanyooshwa kwa moto na nyundo, nisubiri saa moja tu. Ya pili walivua la mbele peke yake, wakanionyesha ukingo wa ndani umebonyea. Kuhusu la nyuma wakasema ni risasi ya balansi (kile kipande kidogo cha uzito kinachobandikwa kwenye rimu) imedondoka, tena rimu yenyewe ni safi, niache wasiwasi. Kaka yangu naye anasema nitupe zote nne nianze upya.

Rimu ni za aloi, zilikuja na gari. Nyuma zimeandikwa 16x6½J, ET45 na JWL, ile alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi. Tundu tano, 5x114.3. Matairi yana miezi saba tu. Spea ni ya chuma, saizi kamili.

Sina shida na mikwaruzo, gari si la maonyesho. Ninachotaka kujua ni kama mama yuko salama juu ya hilo gurudumu.

Dereva_Mkongwe

Dada pole sana. Wasikutishe. Mimi rimu yangu ilipinda, ikapigwa moto wa gesi na nyundo, nikatembea nayo miaka miwili mpaka nauza gari. Kama haivuji na haitetemeki, inatosha. Mtafute fundi mwenye mkono mzuri tu.

Fundi_Rimu

Binti, hapo mwisho umeuliza swali lenyewe, na jibu lake ni kwamba hatujui bado. Kwa hiyo hilo gurudumu la nyuma livue leo. Funga spea, ijaze upepo sawasawa, na uangalie nati zinakaa vizuri, maana nati za rimu ya aloi si lazima zikae sawa kwenye rimu ya chuma. Mama asikae tena juu ya gurudumu hilo mpaka tairi livuliwe kwenye rimu na mtu aangalie upande wa ndani.

Nimeshika rimu miaka 17. Watu wanaleta ile iliyochubuka kwa nje wakiwa na huzuni, wanaiacha iliyo safi kwenye gari. Uso wa nje una spoku nyuma yake, una nguvu. Ukingo wa ndani, ule unaotazama breki, uko mbali na spoku, umening'inia peke yake. Shimo linapopiga, huo ndio unaopinda na huo ndio unaopasuka. Kutoka nje huwezi kuuona hata ukipiga magoti. Kwa hiyo mtu aliyekuambia rimu ni safi bila kuvua tairi hakuiona rimu.

Dalili ulizotaja zinakubaliana. Gurudumu la mbele likiyumba, mara nyingi utalisikia kwenye usukani. La nyuma utalisikia kwenye kiti na sakafu. Mama yako amekaa juu yake, amesikia kabla yako. Kutetemeka kwa spidi fulani kisha kupungua ni tabia ya gurudumu lisilo mviringo kamili au lisilo na balansi. Risasi ikidondoka nayo inatetemesha, ni kweli, lakini risasi haipunguzi upepo. Kwako viko vyote viwili, kwenye gurudumu moja, baada ya pigo moja. Na mtu asikupoze kwa kuongeza risasi: balansi inasawazisha uzito, haisawazishi umbo.

Ningeweza kukuambia ulihamishie mbele uone kama mtetemeko utaingia kwenye usukani. Kwa tairi linalovuja bila sababu kujulikana, usifanye hivyo.

Sasa kuhusu moto. Kaka Mkongwe, sikatai kwamba yako ilidumu, zipo zinazodumu. Nieleze tu kwa nini mimi siwashi gesi. Rimu nyingi za aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, ikamiminwa kwenye kalibu. Ikitoka hapo bado ni laini. Kiwandani huipasha mpaka karibu nyuzi 540, huizamisha ghafla, halafu huioka tena kwenye nyuzi 150 na kitu kwa saa kadhaa. Ugumu wake wote umetokana na hiyo kazi. Ukiielekezea mkuki wa gesi sehemu moja, pale ulipopasha umefuta kazi ya kiwanda. Na alumini si kama chuma kinachokuonyesha wekundu ukajua umefika wapi. Aloi hii inaweza kuanza kuyeyuka kabla haijakuonyesha rangi yoyote. Fundi anayebahatisha hana cha kumwambia kwamba amepitiliza.

Kunyoosha kwenyewe sikupingi, nanyoosha kila wiki. Nafanya kwa mashine ya haidroliki, nasukuma taratibu huku geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha rimu inayumba kiasi gani) ikisoma, na ni kwa ukingo uliobonyea tu, usio na ufa. Vitabu vingi vya magari vinaruhusu rimu ya aloi kuyumba kati ya nusu milimita na milimita moja hivi. Angalia cha gari lako. Kama pindo limefika pale spoku inapoungana na pipa la rimu (ule mviringo unaovaa tairi), au uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachofungiwa rimu) umepinda, au tundu za nati zimetanuka, siigusi.

Ufa ni habari nyingine. Wapo wanaochomelea kwa gesi ya agoni, wengine kazi yao ni safi sana kuitazama. Nimeshika zilizorudi. Weldi yenyewe ilikuwa nzima. Ilipasuka milimita chache pembeni yake, pale joto lilipolainisha aloi. Gurudumu la saizi yako linazunguka kama mara 500 kwa kila kilomita, na kila mzunguko uzito wa gari unabana ukingo na kuuachia. Hesabu safari moja tu ya Jumamosi. Kwangu rimu yenye ufa inabadilishwa, hata ufa uwe mfupi kama ukucha.

Kwa hiyo la kufanya: tairi livuliwe, pipa lisuguliwe kwa brashi ya nailoni na sabuni, likaushwe. Kisha waombe wapige dawa ya kutafuta nyufa. Ni ile nyekundu inayopuliziwa, inasubiriwa dakika kumi hivi, inafutwa, halafu unapuliziwa unga mweupe. Palipo na ufa wekundu unachomoza kwenye weupe kama uzi. Kwa macho matupu utaupita, hasa kukiwa na vumbi la breki.

Tairi nalo msiliache. Pitisha kiganja ndani, ubavuni. Ukikuta nundu au nyuzi zimekatika, au ndani kuna unga mweusi wa mpira, maana yake limeumia au limetembea na upepo mdogo. Hilo halizibwi, hata kama lina miezi saba.

Na kama hakuna ufa, angalia pale mdomo wa tairi unapokaa. Aloi ikiota kutu nyeupe, upepo unapita kidogo kidogo. Hiyo inasuguliwa, inapakwa dawa ya kuzibia, basi.

Baba_Gereji

Fundi amemaliza, naongeza la kununua tu. Kaka yako anataka zote nne, hakuna haja. Rimu moja inatosha ikiwa vipimo ni vilevile: kipenyo, upana, tundu na umbali wake, ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu), na tundu la katikati linalokaa kwenye habu. Hili la mwisho watu wanalisahau. Likiwa kubwa kuliko habu, rimu inabebwa na nati tu bila kukaa katikati, na utatetemeka upya ukiwa na rimu nzima kabisa. Zipo pete za kuziba hiyo nafasi, zitumie. Angalia pia uzito rimu inaoruhusiwa kubeba, mara nyingi umechapwa nyuma.

Ukichukua iliyotumika, ifungwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, izungushwe, uitazame ukingo wa ndani. Na uiogope rimu kuukuu iliyopakwa rangi mpya kwa ndani. Hakuna mtu anayepamba upande usioonekana bila sababu.

Binti_Mkubwa

Wakuu, nimerudi. Asanteni, Fundi Mungu akubariki.

Spea niliifunga usiku ule ule. Asubuhi nikapata gereji yenye geji na ile dawa, nikaomba nisimame pale pale nione. Wakaanza na la mbele, lile lililochubuka, lililoninyima usingizi. Ukingo wa ndani umebonyea sehemu moja, upana wa kiganja. Geji ikasoma milimita 1.8. Wakapuliza dawa, wakafuta, wakapuliza unga. Mweupe mtupu.

Wakaja la nyuma. Tairi lilipotoka, ndani kulikuwa na vumbi jeusi limejikusanya chini, ukiligusa linabaki kidoleni kama masizi. Fundi hakusema kitu, alinitazama tu. Kwa macho rimu haikuwa na ufa, nami niliinama nikaangalia mwenyewe kwa tochi. Ilikuwa imebonyea, milimita 2.6, kwenye ukingo wa ndani nyuma ya spoku. Ile dawa ilipofutwa na unga ukakauka, ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kama unywele. Ulianzia ukingoni, ukaingia ndani ya pipa. Tuliupima kwa rula, sentimita tatu na nusu. Wakati tunautazama ulikuwa unazidi kunenepa, dawa inatoka ndani ya ufa. Miguu iliniisha nguvu. Jumamosi tatu mama amekaa juu ya huo mstari.

La mbele wamelinyoosha kwa mashine bila moto, sasa inasoma 0.4. Wakalipiga dawa tena baada ya kunyoosha, hakuna kitu. Mikwaruzo nimeiacha. La nyuma nimekataa kuchomelea. Nimepata rimu ya aina ile ile iliyotumika, imezungushwa bila tairi, imepigwa dawa, pipa lina rangi yake ya zamani. Na tairi nimebadilisha, ubavuni kulikuwa na nyuzi zimekatika.

Jana nimetembea nayo peke yangu, nikapanda mpaka 110. Niliweka glasi ya plastiki yenye maji kwenye kiti cha mama, nikaifunga mkanda. Hakuna mtetemeko. Kuna jambo jingine nifanye kabla ya Jumamosi?

Fundi_Rimu

Umefanya vizuri, na ulifanya vizuri zaidi kuomba dawa ipigwe baada ya kunyoosha, wengi hawakumbuki. Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100 kaza nati upya kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Isiwe kwa mashine ya upepo. Pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, siku tatu mfululizo. Ukishika namba ile ile, mpakie mama.

Swali moja: ile yenye ufa iko wapi?

Binti_Mkubwa

Ipo gereji, waliniambia niwaachie.

Fundi_Rimu

Kaichukue. Sisemi wao ni watu wabaya. Ila ikibaki nzima, siku moja itapita mkono wa mtu asiyejua habari yake, itapakwa rangi, na itafungwa kwenye gari la mtu mwingine. Waombe waikate kwa gurinda, wapite pale pale kwenye ufa, mbele yako.

Binti_Mkubwa

Nimetoka huko sasa hivi. Ipo vipande viwili kwenye buti, kesho naipitisha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Upepo leo asubuhi ni 33.