Wamechimba lambo chuoni, tunatafuta desturi ya wanafunzi. Wenye historia ya mabwawa ya vyuo karibuni

Kijana_wa_Makulu
Wakuu habari za saa hizi. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma, nyuma ya hosteli wamechimba lambo la kuvuna maji ya mvua, mvua za Januari zikalijaza mpaka likafurika na watu jioni ndo wanapigia picha hapo. Sasa serikali ya wanafunzi tumekaa tukasema tuliwekee desturi yake kabisa, ianze siku ya kukaribisha fasti yia, maana chuo chetu zaidi ya bonanza na mahafali hakuna kitu mtu atakuja kukikumbuka. Kuna jamaa kaleta klipu ya Wamarekani wa Ohio State wanajirusha usiku kwenye bwawa la chuo, kundi kama lote, baridi unaiona hadi kwenye pumzi zao, anataka na sisi tukopi. Swali, ile kitu ilianzaje na bado ipo? Na vyuo vingine wenye mabwawa wanafanyaga nini?

Babu_Ntyuka
Mdogo wangu hiyo klipu ni ya zamani, ile kitu ilishakufa. Lile bwawa linaitwa Mirror Lake, liko Columbus. Chuo kilianzishwa 1870 na moja ya vitu vilivyowafanya wapende lile shamba ni chemchemi iliyokuwepo pale, sasa mji ukakua wakachimba mtaro wa majitaka jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1890 chemchemi ikakata. Yaani bwawa likabaki la kujazwa na wanafunzi wakaendelea kulipenda vilevile. Kujirusha kwenyewe kulianza juzijuzi tu, 1990, wiki ya mechi na chuo cha Michigan, hao ni watani wa jadi, chukua Simba na Yanga halafu kila upande uupe chuo. Mechi ni mwishoni mwa Novemba, kule saa hizo baridi inauma mpaka kwenye fizi. Hakuna mkuu wa chuo aliyeagiza, wanafunzi walijianzishia, ikakua mpaka 2013 uongozi ukazungusha uzio na kugawa bangili za mkononi, huna bangili huingii. 2015 kijana mmoja akatanguliza kichwa, maji yenyewe mafupi, akavunjika shingo akafa. Palepale ikafutwa. Bwawa likakaushwa, wakalijenga upya likawa na majani ya pembeni kama la asili, likafunguliwa 2018.
Kwa hiyo mkikopi, mjue mnachokikopi kiliishia wapi.

Sista_Maabara
Naunga mkono hapo juu na naongeza la kwetu. Mdogo wangu lambo la maji yaliyosimama, konokono wakishaingia na mtu mmoja tu mwenye kichocho akakojoa humo, basi. Wadudu wanatoka kwa konokono wanaogelea, wanapenya kwenye ngozi nzima kabisa wala hawahitaji kidonda, husikii kitu labda muwasho kidogo, baada ya wiki kadhaa au miezi ndo unaona damu kwenye mkojo. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini kuwatumbukiza fasti yia mia tatu halafu uwapange foleni ya vidonge huo si ukaribisho. Na wangapi kati yao wanajua kuogelea? Wengi tumekulia kwenye ndoo.

Mgogo_Halisi
Nyie mnabishana kuruka maji gani 😂 fasti yia wanaripoti lini? Oktoba, Novemba. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Disemba mpaka Aprili hivi, mwaka mzima milimita 550 au 600 zikizidi, na jua na upepo wa hapa vina uwezo wa kunyonya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Lambo lisilo na mto nyuma yake ikifika Oktoba ni udongo umepasuka vipande vipande, mbuzi wanapita katikati. Mimi wa Hombolo, bwawa letu la tangu miaka ya 1950 lina maji mwaka mzima kwa sababu ni kubwa na linapokea makorongo, na hata hilo tope linalijaza na maji yana chumvi, ila perege wanatoka. Hilo la kwenu la hosteli asidanganywe mtu.

Profesa_Mtaani
Mgogo kaua thredi 😂😂 lakini mimi naona ndo kaijibu. Kuna chuo kingine Marekani, UMass kule Amherst, zamani kilikuwa chuo cha kilimo, wakaziba kijito wakapata bwawa katikati ya kampasi. Desturi yao enzi hizo ilikuwa kuvuta kamba, mwaka wa kwanza ng'ambo hii, mwaka wa pili ng'ambo ile, maji katikati, wanaoshindwa wanaburuzwa humo na nguo zao. Sasa nyie lambo si kavu Oktoba? Vuteni kamba humohumo. Kuvuta kamba kila mtu anakujua, kwenye michezo ya SHIMIWI watumishi wa serikali wanavuta kila mwaka na vitambi vyao. Wale akinamama wa muheme, ngoma ya Wagogo, waiteni wapige ngoma ukingoni, hiyo ndo Dodoma, siyo kuruka ruka kama vyura.

Kijana_wa_Makulu
Dah. Oktoba wala sikuifikiria, tulikuwa tunapanga huku tunaangalia maji. Babu shikamoo, asante, klipu naizika. Sasa Profesa, fasti yia wakishindwa wanaburuzwa kwenye vumbi?

Profesa_Mtaani
Bowser moja la maji mnamwaga katikati asubuhi, tope linapatikana.

Sista_Maabara
Maji ya bowser nayakubali. Kamba msichukue ya katani, inachuna viganja, chukueni ya manila nene, na mtu asijizungushie kiunoni wala mkononi, tumeshapokea vidole hapa. Na mwaka wa pili msijaze mabaunsa wa jimu upande wenu, hesabuni vichwa sawa.

Mgogo_Halisi
Mwaka wa pili watapigwa. Fasti yia wanatoka shamba, hao wa pili wanaishi kwa chipsi na bumu, ile hela ya mkopo.